Kunyoosha njia za ndege zinazovuka mipaka: anza na mpaka wenyewe

Tandaza uzi juu ya ramani kutoka Dar es Salaam hadi Entebbe. Utapita karibu na Karatu, utakata Serengeti, utatokea ziwani jirani na Musoma, kisha utaingia Uganda juu ya maji. Urefu wake ni takriban maili 580 za baharini, na maili moja ya baharini ni mita 1,852. Huo ndio mstari mfupi kuliko yote, unaoitwa duara kuu. Kila maili inayozidi hapo ina sababu yake. Baadhi ya sababu ni nzuri na ziachwe, nyingine ni mazoea tu.

Mwongozo huu ni kwa wapangaji wa safari katika mashirika ya ndege na kwa waongoza ndege wenye jukumu la mipango ya anga. Kazi yenyewe haimalizwi na upande mmoja, kwa hiyo ni vizuri kila upande ujue mwenzake anakwama wapi.

Pima vitu vitatu

Kwa kila safari unayotaka kuinyoosha, kusanya data ya angalau mwezi mmoja: urefu wa duara kuu, urefu wa njia iliyojazwa kwenye mpango wa safari, na urefu ndege ilioruka kweli kwa mujibu wa rada, ADS-B (ndege kujitangazia mahali ilipo kwa redio) au kinasa data. Ondoa maili 40 za kuzunguka kiwanja cha kuondokea na maili 40 za kuzunguka kiwanja cha kutua, kama wanavyofanya Ulaya. Mizunguko ya karibu na kiwanja hutokana na upepo, foleni na upande wa kurukia, nayo ina tiba yake tofauti.

Pengo kati ya duara kuu na mpango wa safari ni ubovu wa njia zilizochapishwa au wa sheria za kuzitumia. Pengo kati ya mpango na safari yenyewe ni mikato ambayo mwongoza ndege amempa rubani angani. Wengi hufurahia mikato hiyo na kuishia hapo, lakini faida yake ni nusu. Ndege ilishapakia mafuta ya njia ndefu, na kubeba mafuta ya ziada huchoma takriban asilimia 3 hadi 4 ya uzito wake kwa kila saa. Kilo 300 zisizohitajika katika safari ya saa tatu huteketeza karibu kilo 30 kwa kubebwa tu, na kama ndege ilikuwa imefikia kikomo cha uzito, kilo 300 za shehena zimebaki chini. Kwa hiyo kanuni ya kwanza: mkato unaotolewa mahali palepale karibu kila siku unapaswa kuchapishwa ili upangwe kabla ya kuruka. Orodha ya mikato ya aina hiyo ndiyo mahali rahisi pa kuanzia, kwa sababu waongoza ndege wamekwisha kuonyesha kwa vitendo kwamba inawezekana.

Ili kugeuza maili kuwa mafuta, tumia takwimu za ndege zako mwenyewe. Kama bado huna, Boeing 737-800 ikiwa imetulia juu huchoma karibu kilo 2,400 kwa saa, yaani kilo 40 kwa dakika. Kwa mwendo wa noti 450 (noti ni maili ya baharini kwa saa) inakwenda maili 7.5 kwa dakika, hivyo kila maili ni zaidi kidogo ya kilo 5. Boeing 787-8 ni kama mara mbili ya hapo. Kila kilo ya mafuta ikichomwa hutoa kilo 3.16 za hewa ya ukaa.

Si kila kona inastahili vita

Chukua kipande cha maili 400 ambacho katikati yake kuna nukta, yaani mahali penye jina ambapo ndege hutakiwa kupita, iliyo maili 30 nje ya mstari. Piga hesabu ya pembetatu: njia inakuwa maili 404.5. Umepoteza maili nne na nusu, sekunde 36 hivi. Sasa nukta hiyo iwe maili 60 nje. Njia inakuwa maili 417.6, hasara ya maili 17.6. Nukta imesogea mara mbili, hasara imekua karibu mara nne.

Ukiitazama ramani kwa jicho, kona zote mbili zinaudhi. Kwenye karatasi ya hesabu, ya kwanza haifai hata kikao kimoja. Ya pili, kwa 737 inayokwenda na kurudi kila siku, ni kilo 95 kwa safari, safari 730 kwa mwaka, yaani karibu tani 69 za mafuta. Panga kona zako zote kwa tani za mwaka, si kwa ukali wa pembe, kisha shughulikia tano za juu. Ofisi inayodai kila kitu kwa pamoja huwachosha watu wa upande wa pili kabla ya kufika kwenye kona yenye mafuta.

Kabla ya kuhesabu akiba, kagua pia upepo na kimo. Umbali unaochoma mafuta ni umbali wa hewani: zidisha umbali wa ardhini kwa mwendo wa ndege hewani, gawanya kwa mwendo wake juu ya ardhi. Njia ya maili 1,000 yenye upepo wa kusukuma wa noti 20, kwa ndege ya noti 460, ni sawa na maili 958 za hewani. Njia ya maili 980 yenye upepo wa mbele wa noti 10 ni karibu maili 1,002. Njia ndefu imeshinda. Karibu na ikweta upepo wa juu kwa kawaida ni mpole na duara kuu halidanganyi sana, lakini kwa safari za kwenda Ulaya, Misri au Ghuba, mkondo mkali wa magharibi unaovuka Afrika Kaskazini na Uarabuni katika miezi ya Desemba hadi Februari unaweza kubadili jibu kila siku. Huko usiombe njia moja iliyonyooka. Omba ruhusa ya kuchagua.

Kimo nacho hula akiba kimyakimya. Kuruka futi 4,000 chini ya kimo kinachofaa kunaweza kuongeza mafuta kwa asilimia 3 hadi 5. Ukipata mkato wa asilimia 3 kwa sharti la kukaa FL320 (kimo cha futi 32,000) badala ya FL360, hujapata kitu.

Njia hupindia mpakani

Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 ulitambua mamlaka kamili ya kila nchi juu ya anga yake, na huduma ya kuongoza ndege ikagawanywa katika maeneo yanayoitwa FIR, kila moja likiwa na kituo chake. Nchi moja inaweza kunyoosha njia zake zote za ndani na bado safari ikabaki imepinda, wala pasiwe na kituo kinachoona kosa lake.

Tazama safari ya maili 900 inayovuka FIR tatu, kila moja maili 300. Nukta ya makabidhiano kwenye mpaka wa kwanza iko maili 40 kaskazini mwa mstari, ya pili iko maili 40 kusini. Kila kituo kimechora kipande chake kama rula. Vipande vya pembeni vina maili 302.7 kila kimoja, cha kati maili 310.5. Jumla ni karibu maili 916, yaani maili 16 za bure, na kila nchi itakuonyesha ripoti inayosema njia yake imenyooka kwa asilimia 100. Ndiyo maana kipimo cha nchi moja moja hakitoshi. Gawa hasara mafungu mawili: ile ya ndani ya FIR, na ile inayoletwa na mahali nukta za mpakani zilipokaa. Fungu la pili haliwezi kuondolewa bila vituo viwili kuketi meza moja.

Kwa nini nukta zimekaa vibaya? Nyingi zilirithiwa kutoka enzi za VOR na NDB, minara ya redio ya kuelekeza ndege, ndege ziliporuka kutoka mnara hadi mnara na mpaka ukakatwa pale njia ilipotokea. Ndege za leo hupiga hesabu ya mahali zilipo kwa satelaiti na hazihitaji mnara, lakini nukta ilibaki kwa sababu imeandikwa kwenye barua ya makubaliano kati ya vituo viwili. Barua hiyo ndiyo hati ya kutafuta kabla ya nyingine yoyote. Ndani yake utakuta nukta za makabidhiano, dakika ambazo makadirio ya muda hutolewa kabla, vimo vinavyokubalika na masafa ya redio. Kubadili njia ni kubadili barua hiyo.

Unapoandaa pendekezo la nukta mpya, chora njia zote zinazovuka mpaka huo, si ya shirika lako tu. Kisha angalia makosa haya yanayojirudia:

- Mstari mpya unakata kona ya FIR ya tatu kwa dakika mbili. Safari ya Dar–Entebbe, kwa mfano, haipiti mbali na mahali ziwani ambako anga za Tanzania, Kenya na Uganda zinakutana. Ukikata kona utahitaji kibali, ada, anwani ya ziada kwenye mpango wa safari na mazungumzo na kituo cha tatu, yote kwa ajili ya maili chache. Sogeza nukta ukwepe.
- Mstari unakwenda sambamba na mpaka, umeugusa. Mwongoza ndege wa upande wa pili hajui kama ndege ni yake au si yake. Uvuke mpaka kwa pembe iliyo wazi, au uuache mbali.
- Jina la nukta mpya la herufi tano linafanana kwa sauti na jirani yake. Majina hutolewa kupitia mfumo wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, uitwao ICARD. Lisome kwa sauti kwenye redio yenye mikwaruzo kabla ya kulikubali.
- Njia mbili mpya zinakutana maili chache baada ya mpaka, hivyo kituo kinachopokea kinarithi mgongano kabla ya kuzungumza na rubani.

Kutoka nukta hadi njia huria

Hatua kubwa zaidi ni kuacha njia zilizochorwa na kumruhusu mpangaji achague mstari wake kati ya nukta ya kuingilia na ya kutokea. Ureno ilianza hivyo mwaka 2009, na Hungary ikafuta mtandao wake wa njia za kudumu mwaka 2015. Umoja wa Ulaya uliweka tarehe 31 Desemba 2025 kuwa mwisho wa kuwa na njia huria zinazovuka mipaka juu ya FL305. Afrika pia ina mfano wa nchi nyingi kutumia mhudumu mmoja: ASECNA, iliyoanzishwa mwaka 1959, huhudumia FIR sita zenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba milioni 16. Katika Afrika Mashariki wazo la anga ya juu ya pamoja limekuwa mezani kwenye Jumuiya kwa miaka mingi.

Wanaoliona jambo hili kwa nje hudhani kinachokosekana ni utashi. Mara nyingi kinachokosekana ni macho. Mwongoza ndege asiye na rada hutenganisha ndege kwa muda, kwa kawaida dakika 10 katika njia moja, akitumia makadirio ya marubani kwenye nukta zinazojulikana. Njia za kudumu humfaa kwa sababu zinakatana mahali palepale kila siku. Ukimpa ndege ishirini zinazochora mistari yao, sehemu za kukatana zinahama kila saa na hana chombo cha kuziona. Atafanya linalopaswa: ataongeza nafasi, atashusha ndege vimo, na akiba yako itayeyuka.

Kwa hiyo usianze kabla haya hayajakuwepo pande zote mbili za mpaka:

1. Kuonekana kwa ndege, kwa rada au ADS-B. Kumbuka mawimbi ya redio ya VHF na ya rada husafiri kwa mstari ulionyooka. Ndege iliyo FL350 huonekana hadi kama maili 230 kutoka kituo, na milima hupunguza hapo. Tanzania ina rada za JNIA (Dar es Salaam), KIA (Kilimanjaro), Mwanza na Songwe. Chora duara la kila moja uone pengo liko wapi.
2. Mawasiliano ya sauti yasiyokatika, au CPDLC (ujumbe wa maandishi kati ya rubani na mwongoza ndege) na ADS-C (ndege kukitumia kituo taarifa za mahali ilipo) pale VHF haifiki. Juu ya bahari na misitu mikubwa marubani wa Afrika bado hutangaza mahali walipo kwenye 126.9 MHz ili kujilinda wao kwa wao. Anga ya namna hiyo haijawa tayari.
3. Kubadilishana taarifa za ndege kati ya kompyuta za vituo. Bila hilo, makabidhiano ni ya simu, na mwongoza ndege mwenye simu sikioni hawezi kupokea nukta ishirini tofauti. Baki na nukta chache za mpakani.
4. Programu inayotabiri migongano dakika kadhaa mbele.
5. Makubaliano na jeshi kuhusu saa za maeneo yaliyofungwa. Eneo linalotumika saa mbili kwa wiki halipaswi kuzungukwa wiki nzima.

Vikitimia, anza kidogo: usiku tu, juu ya kimo fulani, kwa siku ambazo trafiki ni ndogo. Nchi nyingi za Ulaya zilipitia hatua hiyo ya usiku. Kabla yake chukua mipango ya safari ya wiki yenye msongamano, iweke kwenye mistari iliyonyooka, na uhesabu migongano katika kila sekta, yaani kila kipande cha anga chenye mwongoza ndege wake. Jumla ya migongano huenda ikapungua huku sekta moja ikielemewa. Jumla nzuri isikufiche hilo.

Chagua pia kimo cha chini cha njia huria kwa makini. Kikiwa juu mno, ndege za safari fupi kama Mwanza–Nairobi hazitafaidika. Kikiwa chini mno, utazichanganya ndege zinazopanda na kushuka na zile zinazopita.

Ndege yenyewe inaweza?

Njia ya zamani yenye kona wakati mwingine ilikuwa inakwepa kitu. Kwa ndege ya injini mbili, angalia kama mstari mpya unaipeleka zaidi ya dakika 60, kwa mwendo wa injini moja, kutoka kiwanja kinachofaa. Ikiwa hivyo, unahitaji idhini ya EDTO (ya kuruka mbali na viwanja vya dharura) na viwanja vya dharura vilivyo wazi saa hizo. Juu ya nyanda za Ethiopia, Rwenzori (mita 5,109) au Kilimanjaro (mita 5,895), fanya hesabu ya injini moja kuzimika: ndege inapozama polepole ipite milima kwa angalau futi 2,000. Vilevile hesabu ya hewa kutoweka ndani ya ndege, kwa sababu rubani atataka kushuka hadi futi 10,000 na huenda mlima upo hapo.

Angalia pia uelekeo. Nyuzi 000 hadi 179 hutumia vimo witiri (kama FL350), 180 hadi 359 vimo shufwa (kama FL360). Nairobi–Blantyre uelekeo wake ni karibu nyuzi 188, hivyo kona moja inayoisogeza njia chini ya 180 humlazimisha rubani kubadili kimo katikati ya safari. Kuinyoosha huondoa usumbufu huo, ila mstari mwingine uliopangwa vibaya unaweza kuuleta.

Chapisha, kisha jaza sawasawa

Mabadiliko ya njia hutangazwa kwa mzunguko wa siku 28 wa AIRAC, kalenda ya kimataifa ya kutangaza taarifa za anga. Taarifa iwafikie watumiaji angalau siku 28 kabla ya kuanza kutumika, na mabadiliko makubwa siku 56. Vituo vyote viwili vichague tarehe ileile. Nchi moja ikichapisha nukta mpya na jirani akachelewa mzunguko mmoja, kompyuta za ndege zitakuwa na njia inayoishia hewani kwa siku 28, na mipango ya safari itakataliwa.

Upande wa shirika, mpango wa safari usio kwenye njia iliyochapishwa unahitaji nidhamu yake. Kwenye kisanduku namba 15 andika DCT (moja kwa moja) kati ya nukta, na usiache zaidi ya dakika 30 au maili 200 bila nukta, isipokuwa kanuni za eneo zinaruhusu. Pasipo na jina tumia latitudo na longitudo, mfano 0330S03540E. Weka nukta kwenye kila mpaka wa FIR. Kwenye kisanduku namba 18 andika EET (muda unaokadiriwa tangu kuruka hadi mpaka wake) kwa kila FIR, na PBN (uwezo wa ndege kujiongoza) inayolingana na uwezo halisi wa ndege. Hakiki kwamba ujumbe umetumwa kwa vituo vyote vya njia mpya. Kosa la kawaida kuliko yote ni njia kubadilika huku orodha ya anwani ikibaki ileile, na ndege kufika mpakani isiyojulikana.

Halafu vibali. Nchi nyingi hutoa kibali cha kuruka kikiwa na nukta ya kuingilia na ya kutokea. Ukihamisha nukta bila kuhuisha kibali, rubani atarudishwa kwenye njia ya zamani akiwa na mafuta ya njia mpya. Kwa sababu hiyo, katika wiki za mwanzo pakia mafuta yanayotosha njia ya zamani, na punguza pale tu rekodi zitakapoonyesha kwamba mstari mpya unapatikana kweli.

Kuwe na njia mbadala iliyokwisha kuhesabiwa. Sudan ilipoingia vitani Aprili 2023 na anga ya Khartoum kufungwa, ndege za kati ya Ulaya na Afrika Mashariki zilijikuta zikizunguka ghafla. Mabadiliko hutokea upande wa pili pia: Januari 2023 anga ya Mogadishu ilirudishwa daraja A, ambalo ndege zote huongozwa na kutenganishwa, baada ya miaka 30, na aliyekuwa anaikwepa kwa mazoea alilazimika kupiga hesabu upya. Pitia njia zako kila mizunguko mitatu ya AIRAC.

Baada ya siku 56 pima tena vitu vitatu vilevile. Ukikuta asilimia ndogo ya ndege zinatumia njia mpya, usikimbilie kuwalaumu waongoza ndege. Fungua kwanza programu ya kupangia safari ya shirika na utazame njia zilizohifadhiwa kwa jozi hiyo ya viwanja. Mara nyingi ile ya zamani bado ndiyo namba moja kwenye orodha, na hakuna aliyepewa kazi ya kuifuta.